Jiko la Pili la Sakina

Ukitaka kumjua wifi yangu Sakina, usianze na ukoo wake. Mwombe maji ya kunywa. Atakuletea kwa kikombe cha bati ambacho kishikio chake kimekaa juu mno, karibu na ukingo, kiasi kwamba ukinywa pua inagusa vidole vyako mwenyewe. Utakunywa hivyo hivyo kwa adabu. Ukimrudishia atakuambia, bila kucheka, "Pole. Hicho ni cha kwanza."

Nyumbani kwake, mtaa wa Isevya hapa Tabora, kila kitu ni cha kwanza. Kuna ndoo ya kwanza, yenye kitako chembamba, ambayo ikijaa inalala chini yenyewe. Kuna kinyunyizio kinachoanza na miguu ya aliyekishika kabla hakijafika kwenye mchicha. Kuna sanduku ambalo kifuniko chake hakikai wazi, kwa hiyo kila anayetafuta nguo humo hutafuta kwa mkono mmoja na kujilinda kwa mwingine. Mgeni anaweza kudhani hii ni nyumba ya mtu fukara anayeokota vitu jalalani. Hapana. Ni nyumba ya fundi bati hodari kuliko wote pale Gongoni, na fundi huyo ni mdogo wangu, Majidi.

Lawama ni za baba yetu, Mzee Abasi, Mungu amrehemu. Yeye ndiye aliyeweka sheria karakanani kwake kwamba kitu cha kwanza cha aina yake hakiuzwi, kinakwenda nyumbani kwa fundi. Aliogopa maneno ya watu. Mteja wa Tabora ukimuuzia ndoo inayovuja hatarudi kugombana nawe. Atakwenda kukaa sokoni na kuisimulia ndoo hiyo mpaka wajukuu zako wakose wateja. Basi kila wazo jipya la baba lilitengenezwa mara moja, likaletwa kwa mama, likapikiwa, likachotewa, likalaaniwa, kisha likatengenezwa upya bila zile kasoro. Hilo la pili ndilo lililouzwa, na lile la kwanza likabaki kwetu milele. Mama aliishi na birika lililomwaga chai kuelekea kwa mwenye kumimina. Alilizoea, akajifunza kuligeuza kwa ustadi wa ajabu. Tatizo ni kwamba akienda msibani, akishika birika zima la watu, alikuwa anawaunguza wafiwa.

Majidi alirithi nyundo, mkasi wa bati na sheria. Sakina alirithi nafasi ya mama. Nusu ya majiko ya Tabora yanapika vizuri leo kwa sababu Sakina aliungua.

Nimtendee haki mdogo wangu, ingawa sipendi. Jioni akifunga kazi, wanaume wenzake wanakwenda kwenye bao au kwenye mpira wa televisheni. Yeye anakwenda jikoni. Anavuta kigoda, ambacho nacho ni cha kwanza na kimeinama kushoto, anakaa humo moshini akiangalia kitu chake kinavyofanya kazi. "Umeonaje?" anauliza. Sakina anamwambia. Hapa panachoma, hapa majivu yanamwagika, hapa kidole hakipiti. Majidi anachora ukutani kwa kipande cha mkaa, anabisha, wanabishana, wanacheka, maharage yanaiva. Wanawake wa mtaani walikuwa na hakika kwamba Sakina amemlisha limbwata. Mmoja alinifuata mimi, dada wa mume, akaniomba nimuulizie ni mganga gani. Nikamwambia aolewe na fundi bati. Mimi na mume wangu marehemu tuliishi vizuri, lakini ungemwambia chakula kiko jikoni ingekubidi umwelekeze njia.

Basi, shauri lenyewe lilianza na jiko la tanuri. Sakina anauza skonzi asubuhi. Majidi akabuni jiko la mkaa lenye kijumba cha kuokea kwa juu, la bati nene, lenye mlango na kidroo cha majivu. La kwanza, kama kawaida, likaja Isevya. Lilikuwa na kasoro mbili kubwa. Upande wa nyuma uliunguza kila kilichowekwa, hivyo skonzi za Sakina zikawa nyeupe huku na nyeusi kule. Wateja wakazizoea, wakawa wanakula upande mmoja na kuwapa kuku upande wa pili. Kasoro nyingine ni mpini wa mlango, ambao ulikuwa wa chuma. Sakina aliusahau siku moja alfajiri, akaushika kwa mkono wa kulia. Ngozi ya kiganja ilibaki pale.

Majidi alisikitika sana. Siku hiyo hiyo akatengeneza la pili lenye mpini wa mti, akamuuzia bwana mmoja wa stesheni.

Nilimkuta Sakina amefungwa kitambaa mkononi, anakanda unga kwa mkono wa kushoto. Hakuwa analia. Angelia ningejua la kufanya.

"Wifi," akasema, "mimi sijaomba dhahabu. Sijaomba kwenda Maka. Nataka kabla Mungu hajanichukua nipikie jiko la pili. Moja tu."

"Mwambie mumeo."

"Nimemwambia. Kasema la pili ni la dukani, mke wake hawezi kumpikisha kwenye kitu cha dukani. Kasema anafikiria jipya kwa ajili yangu."

Hilo ndilo lililotutisha.

Sasa, mji huu umezoea kupitiwa. Enzi za misafara watu walitoka pwani kwenda Ujiji, wakapumzika hapa, wakatufundisha hiki na kile, wakaondoka. Misafara haijakoma. Imebadilisha mizigo tu, siku hizi inabeba kompyuta na semina. Wakati huo huo wa mkono wa Sakina kuungua ukaja msafara wa kituo kimoja cha ubunifu kutoka Dar es Salaam, ukakodi ukumbi, ukaita mafundi wote wa mji. Kiongozi wao alikuwa kijana mpole anayeitwa Wilbroad, mwenye fulana nyeusi na heshima nyingi. Aliwagawia mafundi maboksi, gundi na mikasi ya karatasi, akawaambia watengeneze wazo lao kwa boksi kabla ya kugusa bati. Likishindwa, lishindwe mapema na lishindwe kwa bei ya boksi. Kisha mpelekee mtumiaji, msikilize, tengeneza tena.

Majidi alirudi kutoka huko macho yanang'aa. "Dada, hii ni ya baba!" akaniambia. "Ni ya baba kabisa, ila wao wanatumia boksi."

Walipomuuliza mtumiaji wake ni nani, alisema ni mke wake, wa tangu anaanza kazi. Ukumbi ukapiga makofi. Wilbroad alisema hajawahi kukutana na fundi aliyemshirikisha mtumiaji kwa kina namna ile. Wakamwita Sakina kesho yake aseme mbele ya watu. Nilimsindikiza. Alisimama na kitambaa chake mkononi, wakamuuliza anahitaji nini katika jiko.

"Nahitaji la pili," akasema.

Wilbroad aliandika maneno hayo kwenye kikaratasi cha njano, akakibandika ukutani pamoja na vingine. Alisema ni maoni yenye uzito. Semina ilipokwisha kikaratasi kilibaki palepale, na nasikia ukumbi ule sasa unafanyiwa harusi.

Aliyepinga mambo ya maboksi ni Mwalimu Raymundi, anayefundisha ufundi chuoni na ni rafiki wa Majidi tangu utoto. Yeye anaamini katika mchoro. Kwanza unachora, unapima, unakokotoa joto, kisha unatengeneza jiko dogo la mti, sehemu ya tano ya ukubwa wa kweli, unakaa nalo mezani mpaka kila mtu aridhike. Bati linakatwa mwisho kabisa, mara moja tu. Kushindwa, kwa Mwalimu Raymundi, ni jambo la watu wasiochora.

Jumamosi moja wote wawili walikutana jikoni kwa Sakina. Wilbroad alikuja na jiko la boksi, ukubwa wa kweli, limepakwa rangi ya fedha, ili Sakina aigize kulipikia na wao waangalie mwili wake unavyokwenda. Mwalimu Raymundi alikuja na jiko lake la mti, zuri ajabu, lenye bawaba na kidroo kinachovutika kwa kucha. Majidi akakaa katikati kwenye kigoda chake, mwenye furaha kama siku ya Idi.

"Mama, hebu fungua mlango kama unavyofungua siku zote," alisema Wilbroad.

Sakina akafungua mlango wa boksi. Ukang'oka.

"Safi sana!" akasema Wilbroad. "Tumejifunza."

"Mngechora msingejifunza kwa aibu," akasema Mwalimu Raymundi.

"Mwalimu, mchoro hauna mkono ulioungua. Mchoro haujui mama anasimama wapi."

"Na boksi lako linajua moto? Liwashie tuone!"

Wakaendelea hivyo kwa muda, kila mmoja na hoja, na nakubali kwamba hoja zilikuwa nzuri, maana watu wenye akili wakibishana juu ya jiko baridi huwa wanasema maneno ya maana sana. Huku nyuma yao lile la bati, la kwanza, lilikuwa linaunguza maharage. Sakina alijaribu kupita, hakupata upenyo. Walipoondoka, kila mmoja aliacha kielelezo chake kama zawadi. Wifi yangu akawa na majiko matatu na hana pa kupikia chakula cha jioni. Alikuja kupika kwangu. La mti akaligeuza la kuwekea chumvi, la boksi kuku akataga humo.

Hapo ndipo hasira zangu zilipoamka, na mimi hasira zangu zikiamka hutafuta kazi. Nilichukua hela zangu za upatu, nikaenda Gongoni kama mteja. Hata salamu niliitoa kimteja.

"Fundi, habari za kazi. Nataka jiko la tanuri, kama lile ulilomuuzia bwana wa stesheni. Kama lile lile."

Majidi aliinua uso. "Shikamoo dada. Leo mimi nimekuwa fundi?"

"Marahaba. Utapokea hela hupokei?"

Hakupokea. Alisema dada yake halipi. Alisema nisubiri. Nikasubiri, nikiwa nimepanga na Sakina kwamba jiko likifika tu, tunalihamishia kwake, na lile la kwanza tunalizika.

Lilifika kwa mkokoteni, limefunikwa gunia. Majidi mwenyewe alilisukuma kutoka Gongoni na jasho lake. Akasimama mlangoni kwangu akilifunua taratibu.

"Dada," akasema, "hili sijamtengenezea mtu yeyote duniani."

Nikajua ni la kwanza. Ndani ya tanuri aliweka sinia linalozunguka, eti joto likipanda linasukuma mapanga ya bati na sinia linazunguka, ili skonzi ziive pande zote. Tuliliwasha. Likazunguka kweli, mdogo wangu si mwongo. Lilianza polepole, kisha likakolea, kisha tukaanza kusikia skonzi zinagonga mlango kutoka ndani. Sakina, aliyekuwa amekuja kulipokea jiko lake, aliketi chini akacheka mpaka akashika ubavu. Majidi akavuta kiti. "Umeonaje, dada?" akaniuliza. Alikuwa ananiangalia kwa upendo mtupu, na mimi nilitamani kumpiga na sinia. Kwa mdogo wangu huyu la pili ni la mteja. La kwanza ni la mtu wake.

Kwa hiyo tukatafuta mtu asiye wake. Tulimpata Kankindi, mama wa Kirundi kutoka Ulyankulu anayeleta maharage sokoni. Majidi alimjua kwa sura tu, na kwa jinsi anavyopunguza bei. Tukampa zile hela zangu za upatu akaagize jiko la tanuri kama lake mwenyewe. Kankindi ni Mkatoliki wa kusali kila asubuhi, na uongo ulimtia tabu.

"Nitasema ni langu, halafu si langu?" aliuliza.

"Litakuwa lako mpaka utakapotuuzia," nikamwambia.

Alifikiri. "Basi mniache nilipikie uji mara moja. Hapo nitakuwa sijasema uongo."

Alilipikia uji. Alituambia baadaye kwamba alisikitika kuliachia. Lilikuwa la pili kweli kweli. Mpini wa mti, mlango unafunga kwa sauti ndogo, kidroo cha majivu kinateleza, bati la nyuma limewekwa udongo wa kuzuia joto. Tulilipeleka Isevya Majidi akiwa kazini. Sakina alioka skonzi, akazitoa, akazipanga kwenye sinia. Zote zilikuwa rangi moja. Akaichukua moja, akaigeuza, akaigeuza tena akitafuta upande mweusi. Kisha akaila yote. Sijawahi kumwona amefurahi vile, hata siku ya ndoa yake, ambayo birika la mama lilimwunguza.

Jioni Majidi akaingia jikoni. Fundi haisahau kazi yake.

"Hili la yule mama wa maharage."

"Kaniuzia," akasema Sakina.

Majidi hakugomba. Alilizunguka, akafungua mlango, akafunga, akavuta kidroo, akakirudisha. Akakaa kwenye kigoda. Alikaa kidogo, mikono magotini. "Liko sawa," akasema. Kisha akainuka, akaenda kukaa barazani.

Nilihesabu kazi yangu imekwisha, nikawa natembea kifua mbele. Mwezi mwingine haujaandama, namwona Sakina anakuja kwangu na mkokoteni, na juu ya mkokoteni jiko la Kankindi.

"Wifi, lichukue wewe."

"Limekuwaje?"

"Halijawa kitu. Wala halitakuwa." Aliketi kizingitini. "Tangu liingie, mdogo wako haingii jikoni. Anakula barazani. Juzi nimemwita, nimemwambia mlango unakwama. Alikuja mbio, wifi, hata kandambili kavaa moja. Akaufungua, akaufunga. Haukukwama. Akaniangalia kama mtu aliyeitwa kwenye msiba akakuta marehemu anakunywa chai. Akarudi zake nje."

"Sasa?"

"Sasa jikoni kwangu kumekuwa kimya."

Nilimgombeza. Sitaficha. Nilimwambia nimezunguka mji mzima kwa ajili yake, nimemtia mama wa watu majaribuni, nimetoa hela yangu, na yeye aliyetaka la pili maisha yake yote amelipata analirudisha kwa sababu haliunguzi! Nilimwambia ni mjinga. Alinisikiliza mpaka nilipochoka, akanisaidia kulishusha jiko, akanishukuru, akaenda zake na mkokoteni mtupu.

Jioni ile nilimfuata ili nimwongezee maneno niliyokuwa nimeyasahau. Sikufika mlangoni. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi na lile la kwanza linafuka.

"Umeonaje?" ilikuwa sauti ya Majidi.

"Linaunguza."

"Wapi?"

"Pale pale. Mpini wangu hujawahi kuugusa, Majidi. Wa mti umewawekea walionunua."

Kisha nikasikia koleo. Aling'oa ule mpini wa chuma palepale, akachonga wa mti kwa kisu cha kumenyea viazi, kitu ambacho wala yeye wala baba hawakuwahi kufanya, yaani kukirekebisha cha kwanza ndani ya nyumba. Upande unaounguza skonzi hakuugusa. Sijui alisahau, au Sakina hakumkumbusha. Wakaanza kubishana juu ya kidroo, na mimi nikarudi kwangu na maneno yangu mdomoni.

Nasema wazi, nilimwonea wivu. Jiko la pili liko kwangu mpaka leo. Halitoi moshi, halichomi mtu, skonzi zinatoka rangi moja. Nazioka mwenyewe na kuzila mwenyewe, na zinazobaki nawapa majirani, ambao wanazisifu wakiwa mlangoni na kwenda zao.

Wiki iliyopita Majidi alipita kunisalimia, akasimama nje kama anavyosimama siku zote, mguu mmoja tayari kuondoka. Nikamwambia lile jiko limeanza kufuka moshi kwa nyuma.

"Moshi?" Akavua viatu, akaingia mpaka jikoni, akavuta kigoda akakaa mbele ya jiko, akalitazama. Hapakuwa na moshi wowote, na nadhani alishaona.

"Haya, dada," akasema. "Umeonaje?"

Nikaweka chai motoni, nikaanza kumweleza.